Kopo la Vibanio

Kama kuna kazi inayomfundisha mtu kuichukia rangi nyeupe, ni kufua mashuka ya hospitali. Kitinda alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka mingi, hata mawingu ya asubuhi aliyaona kama rundo linalomsubiri. Kutwa nzima alisimama baina ya mashine zinazounguruma na meza ndefu ya kupigia pasi, akinyoosha, akikunja, akinyoosha tena, mvuke ukimpanda mpaka kwenye mizizi ya nywele. Jioni alirudi nyumbani na miguu iliyovimba na mikono inayonuka dawa. Kazini walimwita dada wa mashuka. Nyumbani alikuwa Kitinda tangu utotoni, kwa kuwa ndiye kitindamimba, na jina hilo liligoma kumtoka hata alipoanza kuota mvi zake mwenyewe.

Akishafungua mlango wa ua, alifanya jambo lile lile kila siku. Aliweka mkoba chini, akauendea ukuta ulio karibu na kamba ya kuanikia nguo, akabandika viganja viwili ukutani, akainamisha uso katikati ya viganja, akauacha mgongo upumue. Alikaa hivyo mpaka ungedhani amelala wima. Kisha aligeuka, na akigeuka tu alikuta balaa lake: vibanio vya nguo vimetapakaa ua mzima.

Vibanio vile vilikuwa na kopo lao. Lilikuwa kopo kubwa la maziwa ya unga, limechubuka rangi, na mahali pake palikuwa dirishani, upande wa jikoni. Kila siku baba yake alilishusha, akamwaga vibanio, akaliweka kopo kifudifudi katikati ya ua, akaenda zake kujificha. Na kila jioni Kitinda aliinama akaokota kibanio kimoja kimoja, kiuno kikimlaani, akavijaza ndani ya kopo na kulirudisha kopo dirishani. Mtu aliyezeeka katika ufuaji hawezi kupita vibanio chini akavitazama tu. Baada ya hapo ndipo alipoanza kumtafuta baba.

Mzee alikuwa fundi saa, na fundi wa kweli, aliyekaa miaka na miaka nyuma ya kimeza kidogo, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, akiwarudishia watu saa walizokwisha kuzikatia tamaa. Sasa saa zote zilikuwa zimemchanganyikia kichwani. Daktari alieleza kwamba akili yake inarudi nyuma, miaka ya karibu inafutika kwanza na ya zamani inabaki. Jirani, mjane wa ng'ambo ya ukuta, alilieleza hilo hilo kwa maneno machache zaidi: "Uzee ni utoto wa pili, mwanangu. Utazoea."

Kitinda hakuzoea. Baba alijificha nyuma ya milango, ndani ya kabati, chini ya meza. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Kitinda aliinama hadi akawajua buibui wa mvunguni mmoja mmoja. Akimpata, mzee alikunja uso kama mtu aliyedhulumiwa, akatoka. Kitinda aliamini kwamba baba anamkimbia yeye. Pengine anachukia kuogeshwa, alifikiri, au pengine hanijui tena, anaona mwanamke mgeni amejaa mlangoni na harufu ya dawa. Wazo hilo la pili lilimuuma kuliko kiuno.

Mchana, wakati Kitinda yuko kazini, mjane alikuwa akimchungulia mzee na kumpa chakula. Alifanya hivyo kwa moyo mweupe mpaka siku mzee alipopotea kweli. Walimtafuta barabarani, sokoni, zahanatini. Mwisho akapatikana katika banda la kuku la mjane, amechuchumaa kimya kabisa, kuku wote wako nje wanashangaa. Kitinda alikuwa ameitwa kutoka kazini tena, na haikuwa mara ya kwanza wala ya pili. Siku iliyofuata msimamizi wake alimwita pembeni.

"Dada, nakuonea huruma," alisema, "lakini mashuka hayana huruma. Ukitoka tena kabla ya saa, usirudi."

Mjane naye alikuja jioni hiyo, akakaa ukingoni mwa kiti. "Mwanangu, mimi mwenyewe mzee. Siku nyingine nitamkuta amekufa humo bandani, nitamwambia nani?"

Maji yalikuwa yamezidi unga. Kitinda akampigia simu kaka yake, mzaliwa wa kwanza, mwenye duka la vipuri vya magari katika mji mwingine. Msaada wa kaka siku zote ulikuwa wa simu: pole, vumilia, nitakuja mambo yakitulia. Lakini safari hii alikuwa na jibu. Kulikuwa na nyumba ya kutunzia wazee, alisema, safi, ina wauguzi, ina bustani. Angekuja Jumamosi na gari amchukue baba. Kitinda alisema ndiyo kabla kaka hajamaliza kueleza, na aibu ya haraka ile ilimkaa wiki nzima.

Ijumaa jioni aliegemea ukuta wake, akaokota vibanio vyake, akaweka kopo dirishani, akaanza kutafuta. Alimpata baba nyuma ya pipa la maji, magoti yamegusa kidevu. Siku nyingine angemshika mkono amvute. Siku hiyo hakuwa na nguvu ya kumvuta hata paka. Akajishusha taratibu, akaketi chini pale pale, mgongo kwenye pipa, bega kwa bega na baba yake.

"Inamisha kichwa!" baba alinong'ona. "Utaniponza."

Kitinda akainamisha kichwa. "Nani anakutafuta, baba?"

"Simjui. Huyu wa safari hii ni hodari. Amewakamata wote."

"Wote akina nani?"

Mzee akahesabu kwa vidole vilivyopinda. "Mrefu amekamatwa. Tumbo amekamatwa, na alikuwa amejificha vizuri yule. Mapacha wamekamatwa, mmoja jana, mwingine leo. Kicheko ndiye aliyekamatwa wa kwanza. Siku zote yeye huwa wa kwanza. Hajui kujificha, anacheka." Akatega sikio. "Nimebaki mimi tu."

Kitinda aliyajua majina hayo. Mrefu na Tumbo walikuwa baba zake wadogo, ndugu wa damu wa baba. Mapacha walikuwa watoto wa nyumba ya jirani, waliozeeka katika mtaa huu huu. Na Kicheko alikuwa mama yake, aliyekulia nyumba ya tatu kutoka hapa na kuolewa bila hata kuvuka barabara. Kitinda alikuwa amewazika wote. Mama alitangulia, miaka mingi iliyopita, na wengine wakafuata mmoja mmoja. Alikumbuka kicheko chenyewe, kile kilichoanzia puani kabla hakijafika mdomoni, akajiona mpumbavu kwa kukaa miaka yote hii bila kukikumbuka.

"Mnacheza kombolela," alisema.

"Tunacheza nini kingine?" baba alimjibu kwa ukali.

Ndiyo, walikuwa wakicheza nini kingine? Mtaa mzima uliucheza mchezo huo, enzi za baba na hata enzi za Kitinda, wakati watoto walipojitengenezea magari ya waya na mipira ya matambara, na kopo tupu lilikuwa mali. Kopo linawekwa katikati. Mmoja anageukia ukutani, anahesabu, wenzake wanajificha, kisha anawatafuta huku akililinda kopo lake. Anayekamatwa anasimama ukutani, viganja ukutani, anangoja. Lakini akibaki hata mmoja, mchezo haujaisha. Huyo wa mwisho akichomoka mafichoni, akaliwahi kopo, akalipiga teke na kupiga ukelele wa kombolela, wote waliokamatwa wako huru, na mtafutaji anarudi ukutani kuhesabu upya. Ndiyo maana wa mwisho hajitokezi ovyo, hata akiitwa kula.

"Sasa baba, kama umebaki wewe tu, mbona hutoki ukalipiga kopo?"

"Natoka! Kila siku natoka. Naliweka kopo mwenyewe, nangoja, nikichungulia kopo halipo." Akaonyesha katikati ya ua. "Kuna mtu analiondoa. Huo si mchezo. Huo ni wizi."

Kitinda akainua macho. Kopo lilikuwa dirishani, limejaa vibanio, pale pale alipoliweka muda mfupi uliopita kwa mikono yake safi. Jioni zote hizo alikuwa akirudi kutoka kazini na kuuharibu mchezo wa mzee, kisha akishangaa kwa nini mzee haachi kucheza. Alitaka kucheka, akaona machozi yamewahi.

"Basi leo mapumziko," alisema. "Wachezaji wanakwenda kula."

Mzee alifikiri. Mapumziko ni sheria, na yeye hakuwa mchezaji wa hila. Akatoa mkono ainuliwe.

Usiku ule Kitinda alipanga begi la baba. Mashati aliyapiga pasi yote, hata ya ndani, kana kwamba huko bustanini kutakuwa na ukaguzi. Alijiambia kwamba jambo alilolijua jioni halibadilishi kitu. Msimamizi ni yule yule, mjane ni yule yule, na miguu yake ndiyo hii.

Kaka alifika asubuhi, shati limenyooka, funguo za gari mkononi, akamkumbatia dada yake kwa mkono mmoja.

"Mbona umekonda hivi, mdogo wangu?"

"Karibu, kaka."

Begi lilikuwa mlangoni. Kiti kando ya begi, alipokuwa ameketi baba dakika chache kabla gari halijasikika, kilikuwa kitupu, na chini yake kimebaki kiatu kimoja.

Walimtafuta. Kaka alianza kwa kicheko, akaja akavua saa, kisha akakunja mikono ya shati. Aliingia mvunguni akatoka na vumbi la miezi sita. Alijigonga kichwa kabatini. Alizunguka ua akiita, "Baba! Baba ee! Jitokeze basi, ni mimi!" kwa sauti ya mtu anayemwita mteja aliyesahau chenji. Mjane akachomoza kichwa juu ya ukuta.

"Bandani kwangu hayupo," alisema. "Huko ndiko nilikotazama kwanza."

Jua lilipanda. Kaka akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anahema. "Saa sita mapokezi yanafungwa. Na wewe ndivyo unavyoishi hivi?"

"Kila siku."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilisema, kaka. Ulikuwa na mteja."

Kaka akajitazama viatu. Kitinda akalitazama kopo.

Alijua kwamba ni yeye peke yake duniani anayejua namna ya kumtoa mzee yule mafichoni. Alijua pia kwamba kumtoa ni kumtega baba yake mzazi kwa mchezo wake mwenyewe, na kwamba mtu anayefanya hivyo hana la kujitetea. Lakini alikuwa amechoka. Alikuwa amechoka uchovu usio na adabu, ule usiomjali baba wala mama, unaotaka kulala tu. Akalishusha kopo, akavimimina vibanio ndani ya beseni, akaenda kuliweka kopo kifudifudi katikati ya ua.

"Hilo ni la nini?" kaka aliuliza.

"Sogea pembeni. Simama karibu na gari, unyamaze."

Hakutaka kuona. Akaenda kwenye ukuta wake, akabandika viganja, akainamisha uso katikati, akafumba macho.

Kwa muda hakukuwa na kitu ila kuku wa mjane. Kisha godoro lililoanikwa jua kwenye kona likasukumwa na kuanguka, nyayo zikaja mbio, moja ya kiatu na moja ya mguu mtupu. Kaka akapiga kelele, "Baba, taratibu, utaanguka!" Teke likalia. Kopo likaruka, likagonga mlango, likabingirika mpaka chini ya gari.

"Kombolelaaa!" mzee alipaza sauti. "Tokeni! Tokeni nyote!"

Ilikuwa sauti ambayo Kitinda hajawahi kuisikia, ya mvulana aliyepasuka koo kwa furaha, na ilikatika ghafla. Hapo Kitinda akaogopa. Sasa ataangaza macho, aliwaza. Atamtafuta Mrefu, atamtafuta Tumbo, atangoja kicheko, na hatakuja mtu. Nimemfanyia ukatili mkubwa kuliko gari.

Nyayo zikasogea, polepole sasa, zikasimama nyuma yake. Mkono mwepesi, wenye vidole vya kushika vyombo vidogo, ukamgusa mgongoni.

"Nawe toka," baba alisema, akitweta. "Umesimama hapa siku nyingi. Kila jioni nakuona. Nikajisemea, nikilipata lile kopo, huyu nitamtoa kwanza."

Kitinda hakuthubutu kugeuka. "Kwanza? Kabla ya Kicheko?"

"Wale wakubwa, wanaweza kungoja. Wewe mdogo, umechoka." Akampigapiga mgongoni, mara mbili tatu. "Haya, umetoka. Nenda ukalale."

Kitinda alilia pale pale ukutani kwa sauti, bila kujificha, na mjane akashusha kichwa chake kwa heshima. Alipogeuka, baba alikuwa amekwisha kumsahau. Alikuwa anamkazia macho kaka, mikono kiunoni.

"Wewe! Unanitazama nini? Kopo limepigwa. Rudi ukutani uhesabu."

Kaka alimtazama dada yake, kisha saa yake, ambayo haikuwapo mkononi. "Mwambie basi twende. Amekwisha toka, si ndiyo tulichotaka? Begi liko tayari."

"Sheria unazijua," Kitinda alisema, akijifuta uso kwa mkono wa gauni. "Wewe ndiye uliyekuwa ukitulazimisha kuzifuata."

"Kitinda, saa sita wanafunga."

"Wafunge."

"Unataka nifanye nini?"

"Mtafute. Leo na kesho, siku mbili tu. Umlishe, umwogeshe, umtafute kila akipotea. Kopo akiliweka, liache alipoliweka. Jumatatu alfajiri, kabla sijakwenda kazini, tutakaa mimi na wewe, na ukiniambia bado aende, begi nitalibeba mwenyewe. Lakini sitaamua tena kwa miguu hii."

"Na duka?"

"Kidole kimoja hakivunji chawa, kaka. Mimi nimekuwa kidole kimoja muda mrefu."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Mimi nimetolewa. Hukusikia?"

Kaka aliitazama barabara. Alizungusha funguo kwenye kidole, akazitia mfukoni. Kisha akaenda ukutani, mtu mzima mwenye kitambi na duka, akabandika viganja pale pale vilipokuwa vya dada yake. Ukuta ulikuwa bado una joto.

"Mpaka ngapi?" aliuliza, uso ukiwa umefichwa.

"Mpaka hamsini!" baba alimkemea. "Na usiruke!"

Kitinda aliingia chumbani, akavua viatu, akajilaza juu ya kitanda, mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya tangu mama yake alipokuwa hai. Nje kaka alianza kuhesabu kwa aibu, moja, mbili, tatu, kama anayetumaini wapita njia hawatamsikia. Mlango wa chumba ukasukumwa. Baba akaingia kwa ncha za vidole, kiatu kimoja mguuni, akajibanza nyuma ya pazia na kuacha ncha za vidole zikionekana. Akachungulia, akaweka kidole mdomoni.

"Usimwambie," alinong'ona.

"Simwambii, baba."

Kaka alipofika ishirini, Kitinda alikuwa amekwisha lala.